Waliopanda Slievemore Ili Watukanwe

Sabina Cafferkey alikuwa na umri wa miaka minne alipopanda Slievemore kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemwambia kwamba anapanda mlima. Aliambiwa kondoo wawili wamepotea. Baba yake alimshika mkono mpaka pale majani yanapoisha na mawe yanapoanza, kisha akamwachia ajipandie mwenyewe kwa miguu na mikono. Walipofika juu, mahali ambapo mtu akitazama kaskazini huiona bahari ya Atlantiki chini ya vidole vya miguu yake, mzee hakusema neno lolote kuhusu uzuri. Alisema, "Hawapo huku. Tushuke."

Tangu siku ile Sabina aliupanda mlima ule mara zisizo na idadi, na kila mara alikuwa na sababu. Kondoo kavunjika mguu, kondoo kakwama gengeni, kondoo wa jirani kajitia wa kwake. Kupanda bila sababu aliona ni maradhi, tena maradhi ya watu walioshiba.

Mara mbili tu aliuacha. Akiwa na miaka kumi na minne alivuka bahari na wenzake kwenda Scotland kuchimba viazi, wakalala juu ya majani makavu katika zizi ambamo ng'ombe walikuwa wametolewa asubuhi ile ile. Baadaye akaenda Cleveland, Marekani, ambako nusu ya watu wa kisiwa chao cha Achill walikuwa wameshatangulia, akakunja mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na mmoja. Baba yake alipopooza upande mmoja akarudi, akamuuguza, akamzika, akabaki na nyumba, kondoo tisini, mbwa, na ulimi. Hakuolewa. Waliomposa walikuwa wawili, na mmoja wao alipewa jibu lililomfanya ahamie Manchester.

Ulimi huo haukuwa na upendeleo. Aliwabeua wanasiasa na mapadri kwa kipimo kimoja, akawabeua watabiri wa hali ya hewa zaidi ya wote hao, kwa kuwa wale wengine angalau hawakudai kuona mbele. Majirani walimzoea. Waliposikia sauti yake ikija barabarani walijiweka sawa, kama mtu anavyofunga vifungo vya koti kabla ya kutoka nje kwenye upepo.

Kisa chenyewe kilianzishwa na bwana mmoja aitwaye Lorcan Tansey. Bwana huyo alistaafu kutoka ofisi ya bima kule Dublin, akaja kujenga nyumba upande wa kusini wa mlima, nyumba ya vioo vipana kiasi kwamba kondoo walisimama nje kumtazama akinywa kahawa. Miaka mitatu alikaa bila kumsumbua mtu. Mwaka wa nne akanunua kofia ya sufu ya wavuvi, na tangu hapo akaanza kusema "sisi watu wa kisiwa."

Sabina, wakati huo ana miaka sitini na saba, alizipata habari dukani kwa binamu yake, Attracta Vesey, asubuhi moja ya Juni alipokwenda kununua majani ya chai. Juu ya kaunta, mahali pa magazeti, palikuwa na rundo la vijitabu vyenye picha ya mlima.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Soma. Una macho," Attracta alimjibu.

Sabina akasoma akiwa amesimama. Kijitabu kilisema kwamba kileleni mwa Slievemore, chini ya rundo la mawe, amelala Malkia wa Huzuni, aliyeitawala pwani hii zamani za kale. Jina lake lilikuwa takatifu mno hata halikutamkwa, ndiyo maana halijulikani. Kilisema pia kwamba kile kijiji cha mawe kilicho ubavuni mwa mlima, ambacho sasa hakina mapaa wala watu, kilihamwa kwa siku moja tu wakati wa njaa kuu, watu wakaondoka wakilia na kuacha sufuria zikiwa bado motoni. Jumapili ya mwisho ya Julai Bwana Tansey angewaongoza mahujaji hadi juu, kila mmoja na jiwe lake mkononi, kumpa Malkia heshima zake.

"Sufuria zikiwa bado motoni," Sabina alisema. "Njaa kuu, lakini sufuria ziko motoni. Walikuwa wanapika nini, Attracta? Hayo mawe?"

"Usinianze asubuhi asubuhi, shoga."

"Bibi yangu mimi na bibi yako wewe ni mtu mmoja. Alikuwa analala kijiji kile kila kiangazi mpaka alipoolewa, anachunga ng'ombe na wenzake, wasichana peke yao, hakuna padri, hakuna mama. Alikuwa akisema maishani mwake hakuwahi kucheka kama alivyocheka kule. Njaa iliua watu kisiwa kizima, ndiyo, na waliokufa hawahitaji kuongezewa chumvi na mtu wa bima. Waliobaki wakashuka pwani kufuata samaki, na mwani wa kurutubishia mashamba. Nyumba za juu wakaziweka za kiangazi. Nani analia akihamia karibu na samaki?"

"Najua yote hayo," Attracta alisema huku akipanga mayai. "Lakini hayo hayanunuliki. Mimi nimeshaagiza unga wa ziada. Nitauza Skonzi za Malkia."

"Zina tofauti gani na skonzi zako za siku zote?"

Attracta akafikiri kidogo. "Zina zabibu kavu."

Wiki iliyofuata Bwana Tansey mwenyewe alikuja hadi zizini. Sabina alikuwa amempindua kondoo, amemkalisha kwa makalio na kumbana mgongo katikati ya magoti, anamkata kwato zilizooza. Bwana alisimama mbali kidogo kwa ajili ya viatu vyake.

"Bi Sabina, nina ombi. Siku ya hija, mahujaji watakapopita kijijini, ingependeza wakute mtu wa hapa hapa. Mtu halisi. Ukae tu kwenye mlango wa nyumba mojawapo."

"Nikae nikifanya nini?"

"Ukiwa wewe tu. Na shali nyekundu. Mke wangu ameshaiagiza. Na kikapu cha mgongoni. Unatazama baharini."

"Kutoka pale mtu anatazama uwanja wa gofu."

"Basi unatazama mbali zaidi ya gofu."

Sabina akamtazama kuanzia kofia kushuka chini, bila haraka. "Bwana Tansey, njoo unishikie huu mguu."

Akaushika, maana aliona haya kukataa. Sabina akaingiza kisu, akafungua kwato, na usaha ukatoka na harufu yake. Bwana Tansey akageuza uso kuelekea mlimani, rangi ikamtoka shavuni kidogo kidogo mpaka akafanana na ukuta wa zizi.

"Huu ndio utamaduni wetu," Sabina alimwambia. "Huo mwingine mvalishe mkeo."

Jumapili yenyewe ilianza na anga safi. Kwa darubini, dirishani kwake, Sabina alimwona kondoo jike mmoja huko juu akijisugua kwenye mwamba na kujing'ata mkiani, akajua ni funza. Funza hawangoji Jumatatu. Alitia mkasi wa manyoya na chupa ya dawa mfukoni, akamwita mbwa wake, Rua, akapanda kwa njia yake ya siku zote, ambayo haikuwa na kibao. Njiani aliwaona mahujaji kwa mbali, wamejipanga msururu kama siafu waliovaa makoti ya mvua ya rangi za peremende, na mbele yao ile kofia ya sufu.

Saa tano ukungu ulishuka. Slievemore hautangulizi taarifa. Mtu anakohoa, akiinua kichwa hauoni mkono wake. Sabina alikuwa amemaliza kumnyoa yule kondoo na kummiminia dawa, anajifuta mikono kwenye majani, aliposikia watu wanaimba. Wimbo wenyewe haukuwa na maneno, ulikuwa wa kuguna guna tu, na ulikuwa na huzuni ya kununua. Kwa kitambo alifikiri kuwaacha. Hakuwa na ubaya nao. Aliona tu kwamba mtu mzima aliyepanda mlima kwa miguu yake ana haki ya kupotea kwa miguu hiyo hiyo.

Kisha akasikiliza vizuri. Sauti ilitoka upande wa kaskazini, chini ya kilele, mahali ambapo hata kondoo wake, wasiosifika kwa akili, hawakuwa wakienda.

Aliwakuta wameketi kwenye mteremko wa majani yaliyolowa, watu kama arobaini, wameshikana mikono. Chini yao, ndani ya ukungu, bahari ilikuwa ikipiga miamba. Bwana Tansey alisimama mbele, dira mkononi.

"Hamjambo," Sabina alisema. "Mnangoja meli?"

"Tumepumzika kidogo tu," Bwana Tansey alisema. "Tunashuka kijijini."

"Kijiji kiko nyuma yako. Mbele yako una hatua arobaini za majani, halafu kuna hewa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele alianza kurudi nyuma kwa makalio, polepole, bila kusimama.

"Na hiyo dira imesemaje?" Sabina aliuliza.

"Imesema kaskazini ni huku tunakoelekea. Lakini nilidhani imevurugika. Wako wanaoamini kwamba karibu na kaburi la Malkia, nguvu fulani..."

"Kipande cha chuma kimekwambia ukweli, ukaona kimemtukana marehemu."

Akawasimamisha. Akamwambia kila mmoja ashike mkanda au begi la aliye mbele yake, akajiweka kichwani mwa msururu, Rua akaenda nyuma kabisa kuwasukuma. Akasubiri upepo umguse shavu la kushoto, akaanza kupanda kurudi mgongoni mwa mlima. Na kwa kuwa aliogopa, maana aliijua vizuri hewa ile iliyokuwa hatua arobaini mbele, aliwatukana njia nzima. Kila alipogeuka kuwahesabu alimpa mmoja haki yake.

"Wewe mwenye fimbo mbili, una miguu minne sasa na bado hujui kwa kwenda. Punda angeona aibu."

"Na wewe, hivyo viatu vyeupe ulivaa kwenda kubatizwa?"

Bwana mmoja mnene alikuwa anahema mgongo umeinama. Sabina akagusa begi lake, akakuta ni zito. "Kuna nini humu?"

"Jiwe langu, mama. La Malkia. Nimelitoa bustanini kwangu."

"Wapi?"

"Dublin."

Sabina alisimama. Msururu mzima nao ukasimama. "Umebeba jiwe kutoka Dublin kulileta Slievemore. Tazama chini, baba. Tazama kulia. Hebu niambie ni mahali gani ulipoona pana upungufu."

Jiwe la Dublin likaachwa hapo hapo, na bwana yule akatembea vizuri zaidi.

Walishuka kwa muda wa saa mbili na nusu. Walipotoka chini ya ukungu na kufika kwenye kile kijiji, kuta zikiwa zimejipanga kwenye majani kama meno ya mzee, wengine walibusiana. Mwanamke mmoja alikwenda kusimama kwenye mlango wa nyumba, akaweka kiganja juu ya jiwe, akaanza kulia.

"Unamlilia nani?" Sabina alimuuliza.

"Waliokuwa wakiishi hapa. Nayahisi machungu yao."

"Hiyo ni nyumba ya bibi yangu. Hapo uliposimama ndipo walipokuwa wakiwamwagia maji ya baridi wavulana waliokuja kuwachungulia. Angekuona unamlilia mlangoni pake, na wewe ungelowa."

Mwalimu mmoja wa shule kutoka Galway alikuwa amerekodi yote hayo kwa simu, kuanzia hewa na hatua arobaini mpaka maji ya baridi, akayaweka mtandaoni. Kufikia Jumatano watu laki mbili walikuwa wameyaona.

Ijumaa gari lilisimama getini kwa Sabina. Wakashuka mume na mke, wamevaa makoti mapya, nyuso zimejaa matumaini.

"Samahani, mama," mume alisema. "Ndiye wewe unayetukana watu?"

"Nani kakwambia?"

"Tumeendesha gari saa tano kutoka Cork."

"Basi mna saa tano za kurudi."

Mume na mke wakatazamana. Wakacheka kwa furaha ya kweli, wakamshukuru, wakapiga picha ya geti, wakaondoka. Sabina akabaki na ndoo mkononi. Ilimchukua dakika nzima kuelewa kwamba walikuwa wamekipata walichokifuata, na kwamba ni yeye aliyewapa.

Hawakuwa wa mwisho. Walikuja kwa magari na kwa baiskeli, likaja hata basi la wastaafu kutoka Athlone. Walimsubiri njiani kuelekea mlimani, wakajipanga mbele yake kama watoto mbele ya nesi wa chanjo. Wengine walileta sababu zao wenyewe ili kumrahisishia kazi. Mtu mmoja alivaa kofia ya kijinga makusudi. Akiwafukuza walipiga makofi, na akinyamaza walinong'onezana kwamba huo ndio mwanzo. Hakuweza tena kumkaripia mbwa wake bila mtu kucheka nyuma ya ukuta.

Bwana Tansey alichapisha kijitabu upya. Ukurasa wa pili sasa ulikuwa na picha ya Sabina akinyoosha kidole, na chini yake maneno: *Mlinzi wa Malkia, wa mwisho wa ukoo wake.* Alimletea nakala mwenyewe, bila haya yoyote, kama mtu ambaye hakuwahi kuketi juu ya genge akiguna wimbo.

"Tunaweza kupanga siku," alisema. "Jumanne na Alhamisi. Usiwatukane wote, utachoka. Watu sita sita."

Sabina aliukunja ukurasa ule akaenda kuwashia moto, lakini hakupata raha. Dharau alikuwa ameitunza maisha yake yote kama kisu kizuri cha jikoni. Ilimtoa zizini kule Scotland, pale mwenye shamba alipomwita kwa jina la nchi yake badala ya jina lake. Ilimsimamisha wima Cleveland mbele ya wasimamizi waliodhani msichana wa kisiwani hajui kuhesabu mashuka. Ilikuwa kitu cha kumfanya mtu ajirudi. Sasa wameigeuza peremende, wanailamba wakirudi kwenye magari yao, na hakuna hata mmoja aliyejirudi kwa lolote.

Asubuhi moja, akitandaza majani makavu, alipata jibu, na lilikuwa chungu kama dawa ya funza. Aliamua kuwa mpole.

Jumanne iliyofuata alimwambia Bwana Tansey alete watu wake. Wakaja kumi na wawili, wamesimama na simu tayari.

"Karibuni sana, wapendwa wangu," Sabina alisema. "Poleni na safari. Viatu vyenu vizuri kweli."

Wakacheka, wakingoja mkia wa maneno. Hakukuwa na mkia. Akawapandisha taratibu, akisimama kila baada ya hatua ishirini kuuliza kama kuna aliyechoka. Aliwaeleza ugonjwa wa kwato kwa saa mbili: chanzo chake, rangi zake, dawa za zamani, dawa za sasa. Bibi mmoja alipoteleza, Sabina alimpangusa matope kwa leso yake na kumwambia kwamba anapanda vizuri kuliko watu wengi. Kileleni bwana mmoja alishindwa kuvumilia, akasema kwa sauti, "Mimi nimebeba jiwe kutoka Limerick."

"Jiwe zuri," Sabina alisema. "Asante kwa kutukumbuka."

Walishuka simu zikiwa mifukoni. Mmoja wao alimvuta Bwana Tansey pembeni akamuuliza kama yule mama ana afya.

Ilimgharimu. Kila upole ulimkwaruza koo ukitoka, na akifika nyumbani alikuwa akimwangalia Rua na kumtukana kwa robo saa bila kupumzika, mbwa akitikisa mkia. Lakini ilifanya kazi. Mwezi wa Agosti ulipokwisha habari zilikuwa zimeenea kwamba Mlinzi wa Malkia amelainika. Wengine walisema ameokoka, wengine kwamba ni dawa za hospitali. Magari yakapungua. Attracta alimfungia dukani kumsema.

"Unaniharibia skonzi, Sabina. Jana nimewapa kuku trei nzima."

"Kuku wameulizia Malkia?"

"Mtukane hata mmoja kwa wiki. Inakupunguzia nini?"

"Unaonekana mzuri leo, Attracta. Hiyo aproni inakupendeza."

Attracta alimtazama kwa hofu, akamfungulia mlango aende zake.

Bwana Tansey alishika tama wiki mbili, halafu akagundua chemchemi takatifu upande wa pili wa kisiwa, mahali tambarare, karibu na maegesho ya magari. Ile kofia ikahamia huko. Chemchemi yenyewe, watu wa pale waliijua kama bomba la zamani lililopasuka.

Mwisho wa Septemba, siku ya upepo mkavu, mwanamke mmoja alisimama getini peke yake. Alikuwa mfupi, wa miaka sitini na kitu, amevaa gambuti na koti lililofungwa kiunoni kwa kamba ya kufungia majani ya mifugo. Hakuwa na simu mkononi. Aliutazama mlima, kisha akamtazama Sabina, kisha mlima tena.

"Ndio huu?" aliuliza.

"Ndio huu, mpendwa. Karibu sana."

"Kwenye picha ni mkubwa."

Aliitwa Nonie Breen, alitoka Kerry, naye aliomba apelekwe juu. Sabina alikaza tabasamu lake akatangulia. Yule mgeni alipanda bila kuhema, macho yake huku na huku. Kwenye kijiji cha mawe hakusimama. Kwenye mawe ya kwanza Sabina akamgeukia kwa sauti yake ya asali.

"Ungependa tupumzike kidogo, mpendwa?"

"Kwani umechoka?"

"Mimi? Hapana. Nakufikiria wewe."

"Mimi nangoja mlima uanze," Nonie alisema. "Kwetu Kerry mahali kama hapa tunawaachia kuku."

Sabina alitembea hatua sita. Ya saba haikutoka.

"Mnafanya vizuri," alisema. "Kuku wa Kerry ndio wenye akili huko kwenu. Wangeachiwa hata bunge."

Nonie akasimama, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaafiki kwa kichwa. "Haya. Nilidhani nimekuja nikakuta umeshazikwa. Huo upole wako una harufu, dada. Kama maziwa ya juzi."

"Na wewe umeendesha kutoka Kerry kuja kunusa?"

"Nimekuja kuona kondoo. Kwenye ile video, nyuma yako, kuna jike amesimama, mgongo wake umenyooka kama meza. Nimeitazama mara hamsini. Nilitaka kuona dume aliyemzaa. Wewe mwenyewe ulikuwa unanizibia."

Hakuna aliyewahi kumwambia Sabina neno zuri kuliko hilo. Alilificha kwa kukohoa. Akampeleka hadi upande wa mashariki, alikokuwa yule dume, na Nonie alimshika taya akamfungua mdomo, akampapasa mgongo kwa kiganja kizima, akasema meno yake ni mabaya lakini mgongo ni wa kweli. Wakabishana kuhusu meno mpaka kileleni. Wakaketi kuegemea lile rundo la mawe, Sabina akatoa mkate wa nyama ya nguruwe na chai kwenye chupa.

"Huyu malkia wenu alikufa kwa nini?" Nonie aliuliza akitafuna.

"Alisikia watu wa Kerry wanakuja."

"Mkate wako ni mkavu."

"Basi usimalize."

Akaumaliza, akachukua na wa pili. Upepo ulikuwa safi, na kusini kisiwa cha Clare kilionekana chote, lakini walikuwa wanazungumzia kama kondoo dume auzwe kabla ya baridi au baada. Wakishuka Nonie alikanyaga pabaya akazama topeni mpaka paja. Sabina alimvuta kwa ile kamba ya kiunoni, akamwambia kwamba kuku asingezama. Nonie, akiwa amelala kifudifudi na tope hadi kidevuni, alicheka mpaka Rua akaanza kubweka.

Aliondoka na yule dume, ameshamnunua na kumfunga ndani ya gari, na makubaliano kwamba meno yalikuwa mabaya kweli. Tangu hapo walipigiana simu kila Jumapili, si kwa muda mrefu, kiasi cha kila mmoja kumharibia mwenzake chai.

Mei iliyofuata Sabina alimwachia Attracta kondoo, akapanda basi siku nzima, akaenda Kerry kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nonie alimpandisha mlima wa kwao, ule mkubwa. Walitoka alfajiri, wakafika juu mchana. Nonie akanyoosha mkono kwenye mabonde na maziwa yote yaliyokuwa chini, akangoja.

Sabina alizunguka polepole, akatazama kila upande.

"Ni mrefu," alisema hatimaye. "Siwezi kukudanganya, ni mrefu. Lakini mtu anajiua kupanda kote huku, halafu akifika anaona nini? Kerry tu."